Kahawa nzuri nyumbani bila mashine na bila kutupatupa: mwongozo kamili toka jikoni kwangu

Juu ya friji yangu kuna mashine ya kahawa, ile ya vidonge vya kahawa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake kuna bakuli la ndimu. Kaka yangu alikuja nayo toka nje, na kiukweli wiki tatu za kwanza nilijiona mtu, unabonyeza kitufe unaletewa kahawa na povu juu. Af vidonge vikaisha. Nikazunguka mjini vipo duka moja tu, bei yake ukigawa kwa kikombe unaona bora ununue chapati na supu, na kila kikombe kinaacha kidude cha alumini au plastiki chenye kahawa gramu 5 au 6 tu ndani yake. Huku kwetu hakuna anayekichukua, hata wale vijana wa kuokota makopo walikiangalia wakakirudisha kwenye ndoo. Wala sio sisi tu, John Sylvan, mmoja wa waanzilishi wa Keurig, kampuni ya Marekani ya mashine hizi za vidonge, mwaka 2015 aliliambia jarida la The Atlantic kwamba kuna wakati anajuta kukibuni, na mwaka uliofuata jiji la Hamburg kule Ujerumani likazuia hela ya serikali kununulia mashine za aina hiyo.

Basi nikarudi kwenye sufuria, na toka hapo nimejaribu karibu kila njia inayowezekana kwenye jiko la gesi la plate mbili hapa Dar. Nachoandika hapa ni kile kilichobaki baada ya majaribio. Urahisi tuliokuwa tunautafuta kwenye mashine kumbe uko kwenye kijiko kimoja na chupa ya chai, utaona.

Kwanza jua unatupa nini

Wiki moja niliweka ndoo pembeni nikawa natia kila kinachotoka kwenye kahawa, machicha, pakiti, karatasi za chujio, na kahawa yenyewe iliyobaki nikawa naimimina kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nilitegemea pakiti ndo zitajaa. Hapana bana, chupa ndo ilijaa, na ilikuwa Alhamisi tu. Yaani nilikuwa napika kahawa nzuri kabisa, nakunywa nusu, nyingine inapoa mezani nikiwa kwenye simu, naimwaga sinki. Ndani ya kile kinachomwagwa kuna kahawa ya mkulima, kuna gesi, kuna maji, kuna sukari, vyote vimeenda. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote cha kuokoa mazingira punguza kwanza kinachopikwa kikawa hakinywewi.

Kinachofuata ni maji ya moto. Birika la umeme likijaa lita moja na nusu na wewe unataka kikombe kimoja, umechemsha mara sita ya unachohitaji. Unit moja ya umeme wa LUKU inachemsha kama lita 9 au 10 za maji toka ya bombani mpaka yachemke, sio zaidi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kwa siku unachemsha mara ngapi. Pima maji kwa kikombe utakachonywea, mimina kwenye birika, ongeza kidogo cha kufidia mvuke na kile kinachonyonywa na machicha (machicha yanabaki na maji kama mara mbili ya uzito wa kahawa uliyoweka), basi. Kama birika lako lina alama ya kiwango cha chini usishuke hapo, litaungua.

Kahawa gani, na ununue kiasi gani

Nunua gramu 250, sio kilo, hata kama kilo ina punguzo. Kahawa ikishasagwa inaanza kupoteza harufu siku hiyohiyo na baada ya wiki mbili unakunywa kumbukumbu. Punje zilizokaangwa zinavumilia kama mwezi kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na jiko na mbali na dirisha. Usiweke kwenye mlango wa friji karibu na dagaa, kahawa inanyonya harufu kama sifongo, nimeshakunywa kahawa yenye dagaa na sikushauri. Joto na unyevu wa Dar ni adui, watu wa Arusha nyie mna nafuu.

Arabika inatoka Kilimanjaro, Arusha, Mbozi, Mbinga, ina uchachu kidogo na harufu. Robusta inatoka Kagera, nzito, chungu, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo ukiizoea unaweka pungufu na unaamka vilevile. Mimi nachanganya, arabika vijiko viwili robusta kimoja, kwenye maziwa inasimama vizuri.

Kuhusu kahawa ya kopo, ile ya kuyeyuka. Watu wa kahawa huwa wanaidharau lakini mimi siungani nao hapa. Africafe inatengenezwa Bukoba na kahawa ni ya hapahapa, unachemsha maji ya kikombe kimoja tu, hakuna machicha, na kopo lenyewe linakuja kuwekwa pilipili manga au sindano. Tatizo ni vile vipakiti vidogovidogo vya kahawa, sukari na maziwa pamoja, kila kikombe kipakiti chake, na vingi ukisoma pembeni sukari ndo inaanza. Kama unapenda ya kuyeyuka nunua kopo, maziwa na sukari weka yako.

Kijiko

Hapa ndo pa muhimu kuliko vifaa vyote. Nilichukua kijiko changu cha mezani nikaenda nacho dukani kwa Mangi na pakiti ya kahawa, nikamwomba mzani wake wa digitali (alicheka sana). Vijiko kumi vilivyosawazishwa kwa kisu vikaja gramu 52, yaani kijiko kimoja gramu 5 na kitu. Sasa kipimo kinachofanya kazi kwa njia karibu zote ni gramu 60 kwa lita moja ya maji, kwa hiyo kikombe kikubwa cha robo lita kinataka gramu 15, ambayo ni vijiko vitatu sawasawa. Pakiti ya gramu 250 inakupa vikombe 16 vya hivyo. Kabla ya hapo nilikuwa naweka kwa macho, siku moja tope, siku nyingine maji ya kuoshea kikombe, na zote mbili zinaishia sinki. Kijiko hicho sasa kinaishi ndani ya kopo la kahawa na hakiendi kwenye wali.

Njia ya 1: sufuria tupu

Hii haihitaji kununua kitu. Chemsha maji uliyopima. Yakichemka zima moto, subiri nusu dakika (kwa wa Mbeya msisubiri, mwinuko wenu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, miminieni tu), tia kahawa iliyosagwa chenga kiasi, kama chumvi ya mawe iliyopondwa, sio vumbi. Koroga mara moja, funika. Hesabu dakika 4. Ukifunua utakuta ukoko umeelea juu, uvunje kwa kijiko taratibu, utaona kahawa inaanza kuzama. Nyunyiza maji ya baridi kijiko kimoja, funika tena dakika 2, halafu mimina polepole bila kutikisa na uache ile sentimita ya mwisho chini. Usiendelee kuchemsha kahawa ikiwa ndani! Wengi wanakosea hapo, wanaiacha itokote dakika kumi kama chai ya maziwa, uchungu unatoka wote na gesi inaenda, af wanasema kahawa ya Tanzania kali.

Njia ya 2: chujio la kitambaa, na hii ndo yangu ya kila siku

Karatasi za kuchujia zilianza na mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, alichukua karatasi ya kukaushia wino ya mtoto wake wa shule akaiweka kwenye kopo alilolitoboa matundu. Ubunifu mzuri, lakini kabla yake watu walikuwa wanachujia kitambaa, na kitambaa bado kinafanya kazi, kimoja kinakaa miezi badala ya karatasi moja kila asubuhi.

Kushona ni robo saa. Tafuta kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyo na rangi, nusu mita inatosha familia na majirani. Usitumie kanga ya zamani hata kama ni laini, rangi itakuja kwenye kikombe. Kata mraba wa sentimita 20, kunja kona kwa kona upate pembetatu, shona upande mmoja, ule upande wa pili uliobaki wazi ndo mdomo. Mshono uwe nje ili machicha yasinasie ndani. Kunjia mdomo waya wa henga uliokunjwa duara, acha mkia wa waya uwe mpini. Umemaliza, una kofia ndogo yenye ncha.

Kabla ya kutumia lazima ukichemshe dakika 10 kwenye maji matupu bila sabuni, marekani mpya ina wanga na ukiruka hatua hii kahawa yako ya kwanza itakuwa na ladha ya shuka la hoteli. Mwaga maji, chemsha tena na machicha ya jana. Kitageuka rangi ya udongo na hakitarudi kuwa cheupe, usihangaike nacho.

Sasa asubuhi, na hapa nasimulia ya kwangu maana nakuwa nusu usingizini. Usiku wakati naosha vyombo naweka kahawa vijiko sita kwenye kikombe na kukifunika kisahani, na kwenye birika naacha maji nusu lita yamepimwa. Nikiamka nabonyeza birika, naenda kupiga mswaki. Nikirudi namimina yale maji ya moto kidogo ndani ya chupa ya chai kuipasha, natikisa, nayarudisha birikani, naweka chujio mdomoni mwa chupa, natia kahawa, namwagia maji kidogo tu ya kuilowesha, nahesabu mpaka thelathini huku inavimba na kutoa mapovu, halafu namimina kwa mafungu matatu, kila fungu nikisubiri lishuke. Dakika 4 mpaka 5 yote. Chupa inafungwa, kikombe cha kwanza nakunywa, cha pili kipo cha moto saa nne, na sijapasha tena kitu. Hiyo chupa ndo imemaliza ile chupa ya Alhamisi niliyokwambia. Lakini weka bila maziwa, maziwa yakikaa kwenye chupa ya chai masaa yanaharibika na harufu haitoki wiki nzima, tia maziwa kikombeni.

Kusafisha: pindua chujio nje ndani, gonga machicha kwenye bakuli, suuza kwa maji tu, kamua. Kama unatumia kila siku kiweke kwenye chupa ya jemu yenye maji safi ndani ya friji, ukibadilisha maji kila siku. Kama hutumii kila siku kianike juani mpaka kikauke kabisa, usikiache kimekunjwa kwenye sinki, kitaota ukungu. Jumapili kichemshe. Kikianza kupitisha maji kwa shida au kunuka mafuta ya zamani hata baada ya kuchemsha, shona kingine, hicho kikafutie baiskeli.

Jambo moja la afya. Kahawa ya kuchemsha sufuriani na ya presi (lile jagi lenye chujio la kubonyeza) inabaki na mafuta yake ambayo yanapandisha kolesteroli kwa anayekunywa sana, karatasi inayanasa. Kama daktari ameshakwambia kolesteroli yako iko juu, tumia karatasi bila kujisikia vibaya, chagua zile za kahawia, ukimaliza itupe pamoja na machicha kwenye udongo, inaoza.

Presi na birika la Kiitaliano, kwa kifupi

Presi ya kioo ni rahisi, vipimo vilevile, dakika 4, bonyeza taratibu. Yangu ya kwanza ilipasuka, nilimimina maji yanayotokota kwenye kioo kilichotoka kuoshwa na maji baridi, kosa langu. Ukipata ya chuma nunua ya chuma, itakuzika. Na usibonyeze kwa nguvu ikikataa, imesagwa laini mno, vuta juu kidogo kisha rudia.

Birika la Kiitaliano, lile la alumini la pembe nane ambalo Bialetti walianza kulitengeneza mwaka 1933, linapatikana mtumbani ukibahatika, na ni gumu halifi, kinachokufa ni raba tu. Maji yaishie chini ya kale kavalvu ka kutolea mvuke, kahawa bila kushindilia, moto mdogo, likianza kukoroma toa. Linatoa kahawa nzito kidogo, changanya na maziwa ya moto, ukishaizoea ile mashine ya juu ya friji huikumbuki tena.

Kwa joto la Dar: ya kulowekwa

Januari hii nchi haitaki kahawa ya moto. Chukua chupa ya jemu kubwa au jagi lenye kifuniko, kahawa ya chenga gramu 100 (vijiko 20 hivi) kwa maji safi ya kunywa robo tatu ya lita, koroga, funika, weka friji usiku kucha mpaka masaa 14. Chuja kwa kitambaa kilekile bila kukamua, ukikamua inakuja na tope. Unachopata ni kahawa kali ya kuzimuliwa, nusu kwa nusu na maji au maziwa na barafu. Inakaa friji siku nne tano vizuri. Gesi sifuri, umeme ni ule ule wa friji, na inameza kahawa iliyoanza kuchoka ambayo kwenye moto isingenywewa. Mabaki ya chupa ya chai nayo mimina kwenye vitreya vya barafu, hizo barafu za kahawa hazizimui kinywaji chako zikiyeyuka.

Kahawa chungu

Nisipoiandika hii ndugu zangu wa Unguja na Mombasa watanisuta. Maji nusu lita na kipande cha tangawizi kilichopondwa, iliki punje nne, mdalasini kijiti, yachemke dakika 5, tia kahawa iliyosagwa laini vijiko vinne, ikipanda mara ya kwanza shusha, ikitulia rudisha ipande tena, shusha moja kwa moja, funika itulie. Bila sukari, kashata pembeni.

Lakini muangalie pia yule muuza kahawa mwenyewe, Kariakoo au Darajani. Dele moja juu ya makaa machache, vikombe vya kauri vidogo labda kumi na ndoo ya maji ya kusuuzia, na anahudumia baraza zima siku nzima bila kutupa kikombe hata kimoja. Na kikombe ni cha mikupuo miwili, hakipoi, hakibaki, ukitaka zaidi unaongezewa. Mimi tangu nihamie vikombe vidogo nyumbani hata wageni hawabakishi.

Ukitaka kukaanga mwenyewe

Sio lazima, ruka ukitaka. Buni mbichi inakaa miezi bila kuharibika na haina kifungashio cha kung'aa, unaipata kwa mtu anayetoka Moshi au Bukoba. Shangazi yangu ndo alinifundisha: sufuria zito au chungu, moto wa kati, buni isizidi tabaka mbili, mwiko usipumzike hata akipiga simu mwenyekiti wa mtaa. Dakika za mwanzo inanuka majani, halafu mkate, halafu kama dakika ya nane au ya kumi inaanza kulia kama bisi. Ikimaliza kulia uko kwenye kahawa ya wastani. Ukiendelea inatulia kisha inalia tena kidogokidogo, kwa sauti nyembamba, moshi unakuwa wa bluu na hapo una sekunde, sio dakika. Mwaga kwenye ungo, tembea nayo nje, pepeta maganda yapeperuke na upepo uipoze haraka. Iache siku nzima kabla ya kusaga maana inatoa gesi na chujio litafurika. Fungua madirisha yote na ondoa nguo kwenye kamba, mimi nilivaa shati la kahawa ofisini siku mbili.

Kusaga, blenda inafaa kwa kubonyeza na kuachia sekunde tatu tatu ukitikisa, ukiiachia iende mfululizo inaiunguza na unapata vumbi na mawe pamoja. Kinu cha mkono ni bora, kinu na mchi pia sawa kama una subira. Saga ya siku tatu nne kwa wakati mmoja, hapo urahisi na ladha vinakutana.

Machicha

Yasiende sinki. Yanakutana na mafuta ya chakula kwenye bomba yanashikana kama zege, nilimlipa fundi bomba na akanionyesha donge lenyewe kwenye kiganja, jeusi, linanuka mwaka mzima.

Yaanike kwenye sinia juani siku hiyohiyo, yakilala na unyevu yanaota ukungu wa kijani. Yakishakauka kikombe kimoja kwenye friji kinaua harufu, kiganja kimoja kinasugua sufuria lililoungua (sio nonstiki, litachubuka) na mikono yenye harufu ya vitunguu. Kwenye mimea watu wanakosea wanayamwaga rundo juu ya chungu, yanakauka yanakuwa gamba na maji hayapiti. Changanya na udongo, kiganja kimoja kwa ndoo ndogo, au tia kwenye shimo la mbolea pamoja na maganda ya ndizi na majani makavu. Miche inayoota usiipe kabisa, kafeini iliyobaki inaidumaza. Nilipoteza miche yote ya nyanya kwa hilo, nikadhani mbegu mbovu nikaenda kugombana na muuza mbegu wa watu. Pilipili iliyokwisha kukomaa kwenye ndoo ya rangi pale dirishani ndo inakula machicha yangu sasa, mara moja kwa wiki mbili, na leo asubuhi nimechuma saba.